Likizo Hii Mnajifunza Lugha Gani?

Kila mwaka ikifika Mei kuna ugonjwa unaingia ofisini kwetu. Hauna homa wala kikohozi. Dalili yake ni kwamba mtu mzima, mwenye mume au mke na mkopo wa benki, anakuja kazini na kitabu kipya cha lugha, anakiweka mezani mahali ambapo wote tutakiona, halafu anatangaza: "Likizo hii sitaki mchezo. Namaliza." Mmoja anamaliza Kifaransa. Mwingine anamaliza Kichina. Kijana wetu wa uhasibu kuna mwaka alikuwa anamaliza Kijerumani kwa ajili ya mchumba aliyempata mtandaoni. Mchumba aliisha kabla ya sura ya tatu.

Simcheki. Mimi mwenyewe nyumbani nina droo yenye kamusi tatu na vitabu vinne vya namna hiyo. Vyote vimechakaa kurasa ishirini za mwanzo, na zilizobaki ni safi kama siku vilipotoka dukani.

Basi Mei 2025 ugonjwa huo ukaingia mpaka sebuleni kwetu. Mume wangu (humu nitamwita Mhandisi, kwa usalama wa ndoa) alikuja na daftari jipya na kauli: Kifaransa. Kampuni yao inafunga pampu za maji na maulizo kutoka Kongo yameanza kuwa mengi. Mimi nilikuwa nimeandika humuhumu kwenye ukurasa huu, miaka kadhaa nyuma, kwamba wapenzi wakijifunza kitu kimoja pamoja mapenzi yanachangamka. Kwa hiyo alitegemea nitasema, "Na mimi Kifaransa, mpenzi."

Nikasema, "Mimi nataka Kifipa."

Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka. "Kifipa cha nini? Mama si anajua Kiswahili?"

Hapo ndipo ugomvi wetu wa mwezi mzima ulipoanzia, na leo naomba nikusimulie, maana barua na ujumbe mnaonitumia kila ikikaribia Juni zinauliza swali lilelile: nina wiki chache za likizo, nikazanie lugha gani?

HESABU ZA LIKIZO

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina huba. Serikali ya Marekani ina chuo kinaitwa Foreign Service Institute, ambako wanadiplomasia wao hufundishwa lugha kabla ya kupelekwa vituoni. Wamefanya kazi hiyo miaka mingi, na wamezipanga lugha kwa muda unaotakiwa mpaka mtu aweze kuifanyia kazi. Kifaransa kiko kwenye kundi jepesi: saa 600 hadi 750 hivi za darasani. Kiswahili chetu, kama saa 900. Kichina, saa 2,200. Na hao ni watu wanaolipwa mshahara ili wasome, kutwa, wiki baada ya wiki, walimu wamewazunguka.

Njoo kwetu sasa. Sheria ya kazi inatupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ongeza wiki mbili za jioni jioni kabla ya likizo kuanza, unapata wiki sita. Saa moja na nusu kila siku, bila kukosa hata Jumapili (na wewe unajua utakosa), ni saa 63. Kwa Kichina hizo hazifiki asilimia tatu ya safari. Dada mmoja tunayefanya naye kazi alijiandikisha masomo ya Kichina kwenye Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa 2013, na anasema mwezi wa kwanza ulikwisha bado anafundishwa kupandisha na kushusha sauti. Hajakata tamaa, lakini hasemi tena neno "namaliza".

Kwa Kifaransa, saa 63 ni kama sehemu moja ya kumi. Utajitambulisha, utaagiza chai, utauliza bei na utaelewa nusu ya jibu. Si haba. Ila ukirudi kazini Agosti na usiwe na mtu wa kuongea naye, Desemba utakuwa umebaki na "bonjour".

Sasa kuna jambo ambalo jedwali la Wamarekani halikuambii, kwa sababu limetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekulia kwenye Kiingereza. Sisi tunapoiendea lugha nyingine ya Kibantu, nusu ya nyumba tayari imejengwa. Mmarekani anahangaika mwaka mzima kuelewa kwa nini kitu kimeanguka lakini mti umeanguka. Wewe hilo ulilijua kabla hujaota meno yote. Wafipa wenyewe lugha yao huiita Ichifipa. Iangalie tu hiyo ichi-, imekaa pale ambapo sisi tuna ki-. Nilipooneshwa hilo niliona kama nimepewa funguo za nyumba ya jirani na kukuta zinafungua milango mitatu ya kwangu.

Lakini nisijifanye. Sikuchagua Kifipa kwa sababu ya ngeli. Nilikichagua kwa sababu ya dakika kumi.

DAKIKA KUMI

Mama mkwe wangu anaishi Kabwe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi. Kama hujafika, jua kwamba ni mbali. Kutoka Dar unakwenda Mbeya, unakwenda Tunduma, unapanda Sumbawanga, mji ambao jina lenyewe ni amri ya Kifipa: tupa uchawi. Juni pale uwandani kuna baridi ya kuvaa makoti mawili. Halafu unapita Namanyere, unaanza kuteremka, makoti yanavuliwa moja moja, na ghafla mbele yako kuna maji mpaka macho yachoke. Ng'ambo, usipoiona kwa ukungu, ni Kongo.

Tulifika katikati ya Juni 2024. Ziwa lilikuwa limefungwa. Tangu Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka ule uvuvi ulisimamishwa ili samaki wazaliane, na mitumbwi yote ilikuwa imevutwa mchangani. Mama mkwe ameanika na kuuza dagaa tangu alipoolewa akatoka kwao uwandani, na mwaka ule hakuwa na cha kuanika. Alikuwa amekaa tu. Mtu wa kazi akikaa, maneno yanamjia.

Kiswahili anakijua vizuri, tena ana utani mwingi nacho. Ndicho anachouzia dagaa na ndicho tunachoongea naye kwenye simu. Jioni ya pili, tumemaliza kula, alimgeukia mwanawe akaanza kuongea Kifipa. Aliongea polepole. Alionesha kidole upande wa milimani. Akajigusa kifua, akashika shavu, akanyamaza, akaendelea. Mhandisi anaitikia, "Ee, mama. Ee." Nilitazama saa, ilikuwa dakika kumi kamili.

Alipomaliza nikamwuliza mume wangu, "Anasemaje?"

"Anasema karibuni sana. Na poleni na safari."

Dakika kumi! Hata mkuu wa mkoa hakaribishi wageni kwa dakika kumi.

Sasa wewe mwanamke mwenzangu unayenisoma, nikuulize: ungefikiri nini? Sisi tuna mtoto mmoja, wa kike, na ana miaka saba. Nilijua kabisa kwamba nimejadiliwa. Nilijua kwamba kidole cha milimani kilikuwa kinaonesha nyumba ya binti fulani mwenye nyonga nzuri. Kuanzia Kabwe mpaka Mbeya sikusema neno. Kuanzia Mbeya mpaka Dar nilisema yote. Mhandisi aliapa kwamba hakuna kitu, ni maneno ya kizee tu, nami nikaapa kimoyomoyo kwamba sitatafsiriwa tena na mtu huyu.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuchagua lugha. Wivu na hasira. Sijivunii, ila nasema kweli: vilinifikisha mbali kuliko zile kamusi tatu.

HOJA YA MHANDISI

Ili nimtendee haki, hoja yake ya Kifaransa ilikuwa na miguu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Kabwe penyewe kumejengwa gati na mamlaka ya bandari, na biashara inayolengwa iko ng'ambo, Moba na Kalemie. Hati za forodha za kule, mikataba, barua za zabuni, ni Kifaransa. Mtu wa pampu akiweza kuusoma mkataba wa Kifaransa mwenyewe, bila kumlipa mtafsiri, ana faida.

Ila nilimwambia akae siku moja mwaloni asikilize. Wale wafanyabiashara wanaovuka kutoka Moba hawapatani bei kwa Kifaransa. Wanaongea Kiswahili, ni kile chao: batu badala ya watu, bintu badala ya vitu, na fedha ni franga. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kule, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Kifaransa kinakuja baadaye, kwenye karatasi. Kwa hiyo anachohitaji Mhandisi si kuongea kwenye likizo. Anahitaji kusoma, na hiyo ni kazi ya darasa la mwaka mzima.

Halafu kuna ile meli. Wazee wa mwambao ukiwapa nafasi lazima waifikie Liemba. Wajerumani waliiunda Papenburg 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaingia majini Kigoma 1915, wakaizamisha wenyewe 1916 Waingereza na Wabelgiji wasiipate. Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini 1927 na jina jipya ambalo kumbe ni jina la kale la ziwa lenyewe. Nilimwambia Mhandisi: 1913 kijana wa hapa aliyetaka kazi nzuri angekazania Kijerumani. Miaka kumi baadaye angekuwa anaanza upya na Kiingereza. Akasema hiyo si hoja, hiyo ni historia. Labda. Lakini hakunijibu.

MWALIMU WA SOKONI

Mwalimu wangu nilimpata kwenye soko la mtaani kwetu. Ni dada anayeuza maharage ya Sumbawanga, na tulikubaliana elfu tano kwa somo, jioni akishafunga meza, na mimi ninunue maharage kwake. (Tumekula maharage mwaka jana mpaka mtoto akaandika insha shuleni.)

Hapa naomba unisikilize kidogo, kwa sababu ndipo nilipofanya jambo moja la akili. Vitabu vyote vya kuanzia lugha vinakufundisha wanyama, rangi na siku za juma. Nikamwambia: sitaki twiga. Nataka mambo ambayo mama mkwe anaweza kumwambia mwanawe kwa dakika kumi. Tukayapanga: ugonjwa, pesa, shamba, watoto, msiba, na maneno ya kuomba radhi. Kila moja sentensi kama nane, zima zima, si neno moja moja. Akizisema narekodi kwenye simu, nazisikiliza kwenye daladala mpaka abiria wa jirani anahama kiti. Kilichonishinda zaidi ni sauti. Kifipa kina toni. Ukishusha pale pa kupandisha, neno linaweza kugeuka. Kiswahili hakikuniandaa kwa hilo.

Mhandisi alikuwa ananicheka. Eti hicho ni cha uwandani, kwao hawasemi hivyo. Nikimwomba basi anisahihishe, anasema amechoka. Nikaona ni kiburi.

Siku moja nikakutana na habari za Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekwenda kuishi Ufipa miaka ya 1960, akajifunza lugha, na 1978 kikatoka kitabu chake cha hadithi na masimulizi ya Wafipa. Nilijisikia aibu. Mzungu wa watu alikaa chini akawasikiliza bibi zake mume wangu mpaka akajaza kitabu, na mimi niliyeolewa kwao nilikuwa sijui hata kusema "pole".

KABWE, JULAI 2025

Tulikuwa Kabwe Julai 7. Nakumbuka tarehe kwa sababu redio ilikuwa inasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, ile iliyotangazwa na UNESCO 2021, na mimi niko jikoni na majivu usoni nanung'unika sentensi za Kifipa.

Mama mkwe alipoisikia salamu yangu ya kwanza aliita majirani. Nilirudia mara nne, mbele ya watu sita, kila mmoja akinisahihisha kivyake. Alifurahi sana, na mimi nikafikiri kazi imekwisha.

Jioni ya nne, baada ya kula, akamgeukia mwanawe tena. Kidole milimani. Mkono shavuni. Sikuelewa yote, hata nusu sikuelewa. Lakini neno la "jicho" lilipita, na ninalijua kwa sababu lilikuwa kwenye orodha ya ugonjwa. Kisha likapita "shamba". Kisha "baba yenu". Kisha jicho tena.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza kama Dar mvua zilikuwa nzuri."

"Amesema jicho," nikasema. "Amesema jicho mara mbili."

Kukawa kimya. Mama mkwe akanitazama, si kwa hasira. Akasema kwa Kiswahili, "Kumbe unasikia."

Nikaitikia. Akakaa kidogo, akakunja khanga yake magotini. "Sasa mimi nitasemea wapi?"

Msomaji, sentensi hiyo sikuwa nimejiandaa nayo. Nilikuwa nimekuja kudai haki yangu ya kujua, na kumbe nimeingia chumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Yule mama ana mambo ambayo kwa heshima hawezi kuyasema mbele ya mkamwana kwa lugha ambayo mkamwana anaielewa. Kifipa kilikuwa ndicho mlango wake wa kufunga. Nikainuka nitoke nje. Akaniambia, "Kaa, mwanangu. Umeshasikia."

Ndipo akayasema, nusu Kifipa nusu Kiswahili. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu tangu 2023. Alishaambiwa ni mtoto wa jicho na kwamba linatibika. Lakini uwandani kuna shamba la marehemu baba mkwe, halijagawanywa, na watoto ni watano. Aliogopa kwamba akifia kwenye kisu kabla shamba halijasemwa, watoto watapigana. Kwa hiyo alimwambia mwanawe mkubwa wa kiume: ita ndugu zako, tugawane, halafu mnipeleke.

Alikuwa amemwambia hivyo Juni 2024. Ndizo zilikuwa zile dakika kumi. Hakuna binti wala nyonga. Mwaka mzima alikuwa anasubiri jibu, na kila tukipiga simu tunamwambia, kwa Kiswahili kizuri, "Tunakupenda mama."

Usiku ule sikugombana naye. Sikuweza. Tulikaa ufukweni, na yeye ndiye aliyeanza.

"Sikumwelewa," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

Aliondoka Kabwe akiwa na miaka kumi na miwili kwenda shule ya bweni. Huko ukikamatwa unaongea kilugha unavishwa kibao shingoni, na unakivaa mpaka umkamate mwenzako. Alikuwa mwepesi wa kujifunza, akajifunza upesi kutokukamatwa. Alipokuwa mtu mzima akagundua kwamba Kifipa chake kimebaki na miaka kumi na miwili. Anaweza kuomba chakula, kufukuza mbuzi, kutukana kidogo. Lakini maneno ya urithi, ya hofu, ya mwili wa mama yake, hakuwahi kuyapata, kwa sababu hakuna anayemwambia mtoto mambo hayo. "Mama akianza kuongea mambo mazito nashika neno moja kwenye matano. Nitamwambiaje mama yangu kwamba simwelewi? Naitikia tu." Na kwangu alikuwa anatunga. Mvua za Dar alikuwa amezitunga.

Kumbe nilikuwa namwonea wivu mtu aliyekuwa amefungiwa nje pamoja na mimi.

Sitaki kukuchosha na ya shamba. Yalichukua simu nyingi, kaka mmoja alinuna na akanunuka. Yalipokwisha tulimpeleka mama Sumbawanga. Upasuaji wa mtoto wa jicho, kama hujui, ni wa muda mfupi, kwa kawaida haufiki saa moja, na wengi hupigwa ganzi ya jicho tu, wako macho. Tungejua hayo tungemwambia mwaka wa kwanza. Kesho yake kitambaa kilipotolewa alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akamwambia amenenepa. Hilo Mhandisi alilielewa bila msaada.

SASA WEWE

Najua utaniuliza, basi wote twende tukajifunze lugha za wakwe? Hapana. Kama mmeoana watu wawili ambao kwenu mmoja ni Mpare na mwingine Mhaya na wazee wote wanaongea Kiswahili mpaka usingizini, usijitafutie kazi. Ninachoweza kukuambia ni nilichokiona: lugha zinazotaka saa 700 zipe darasa la mwaka mzima, na ada, na mwalimu wa kukugombeza. Mhandisi aliandikishwa Alliance Française Januari na mpaka naandika haya hajakosa ila mara mbili. Likizo ni fupi. Ipe lugha ambayo mwenyewe utamkuta nyumbani, amekaa, ana muda, na kuna jambo ambalo hajakwambia. Na kabla ya kununua kitabu, mwulize mwenzi wako swali ambalo mimi sikuuliza kwa miaka tisa ya ndoa: wewe lugha ya kwenu unaijua kweli, au unaitikia tu?

Yeye sasa kila Jumapili jioni anampigia mama yake nusu saa, Kifipa kitupu, daftari pembeni. Lile daftari jipya la Kifaransa ndilo. Mwanaume wa miaka thelathini na minane anasema, "Ngoja mama, rudia, hilo neno ni nini?" Mara ya kwanza mama alidhani ni utani. Ya pili alilia. Sasa anamgombeza kama mtoto wa darasa la pili.

Krismasi ya 2025 tulirudi Kabwe. Siku ya pili nikamkuta mama mkwe barazani na jirani yake, mama mmoja mwenye asili ya Moba, wamekazana kwa maongezi ya Kifipa. Nikajongea taratibu na kiti changu, najifanya napepeta mchele. Mama mkwe akanitazama kwa macho yote mawili, akatabasamu, akabadilisha. Wakaendelea kwa Kitabwa, cha ng'ambo, neno kwa neno, na vicheko.

Mhandisi alikuwa anapita na ndoo. "Wanasemaje?" nikamwuliza.

"Safari hii," akasema, "kwa kweli sijui."